Syokimau Katika Nyumba ya Nyoka: Juu ya Maisha Aliyoandikiwa Nabii wa Ukambani

Katika ngano za mataifa mengi kuna mhusika mmoja asiyechoka kurudi: msichana anayejikuta akiishi maisha yasiyo yake. Ana nyumba, ana jina, tena anaheshimiwa. Lakini nyumba ilijengwa na mwingine, jina alipewa na mwingine, na heshima hiyo ni malipo ya kusahau alikotoka. Hadithi za njozi zitokazo Ulaya na Marekani, katika vitabu na katika filamu za mfululizo, zimemtumia mhusika huyu mara nyingi: shujaa wa kike hufungwa katika maisha bandia aliyoandikiwa na mchawi, na majirani zake wote huyasadiki. Wakamba nao wanamjua tangu zamani. Ndiye yule msichana anayemfuata kijana mzuri aliyekutana naye ngomani, asijue kwamba kijana huyo ni zimwi lililovaa sura ya mtu. Ngano za mazimwi za Ukambani zilikusanywa na Gerhard Lindblom, msomi wa Kiswidi aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1910, na baadaye na John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyetoa kitabu chake Akamba Stories mwaka 1966.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mhusika wa namna hiyo yupo pia nje ya ngano, katika historia kama inavyosimuliwa na kuandikwa, na kwamba mfano wake ulio wazi umo Machakos. Mfano huo ni Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba. Kila mwanafunzi nchini Kenya amewahi kusikia kwamba alitabiri reli, na ni wachache waliowahi kusikia juu yake jambo lingine lolote. Swali linaloulizwa hapa si kama Syokimau alisema kweli. Swali ni nani anayesema kwa kinywa chake.

1. Alama za maisha bandia

Kabla ya kumfikia Syokimau, yafaa kutazama jinsi masimulizi ya Kiswahili yenyewe yanavyoyatambua maisha bandia. Kisa kinachofaa ni kile cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Maskini mmoja, mwokota punje jaani, ananunua paa. Paa huyo anamtungia bwana wake maisha mapya: anampa jina la Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Bwana anastarehe, anasahau, na paa anapougua hamjali. Mwishowe anazinduka akiwa palepale jaani, uchi wa kila alichokuwa nacho.

Kisa hiki kina alama tatu za maisha yaliyoandikwa na mwingine. Ya kwanza ni jina lililobadilishwa kazi. Ya pili ni nyumba ambayo mwenyeji wake halisi alikuwa nyoka. Ya tatu ni usahaulifu, ambao ndio sharti la kubaki ndani ya nyumba hiyo. Mtu akikumbuka, nyumba huanguka.

Hapana budi kuongeza jambo moja la lugha. Neno la Kiswahili zimwi na neno la Kikamba ambalo Lindblom aliliandika eimu ni ndugu. Kikamba kimeidondosha konsonanti iliyobaki katika Kiswahili. Tena katika lugha zote mbili shina hilohilo linazaa jina la pepo wa wahenga: Kiswahili kina mzimu na mizimu, Kikamba kina aimu. Yaani mhenga anayewalinda watu wake na dubwana linalowala hutajwa kwa shina moja, na tofauti yao hukaa katika kiambishi tu. Mhakiki wa masimulizi juu ya wahenga afanye hadhari: mhenga asipotunzwa vizuri na wasimulizi wake, anaweza kugeuzwa.

2. Kisa kama kinavyoandikwa

Kwa muhtasari, kisa kinasema hivi. Syokimau aliishi Ukambani katika karne ya 19, kabla ya Waingereza kuitawala nchi. Alisema kwamba watakuja watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wenye maneno yasiyoeleweka kama sauti za ndege, waliobeba moto mifukoni mwao. Alisema pia kwamba atakuja nyoka mrefu atakayenyoosha mwili kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande wa pili. Hapo mwandishi hushika kalamu yake na kufasiri: ngozi ile ni ya Mzungu, moto ule ni kiberiti au bunduki, na nyoka yule ni reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikafika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Basi utabiri umetimia, na kisa kimekwisha.

Kwa upande wa fani, maneno yaliyowekwa kinywani mwa Syokimau ni mafumbo. Kila moja lingeweza kusimama peke yake kama kitendawili: ana moto mfukoni wala haungui, kichwa majini, mkia majini, tumbo nchi kavu. Lakini kitendawili kina desturi yake. Anayetega hutega, anayetegwa hufikiri, akishindwa hutoa mji, ndipo jibu hutolewa. Katika kisa kilichochapishwa desturi hiyo imepinduliwa. Msomaji anajua jibu kabla ya kutegwa, kwa kuwa ameiona reli kabla ya kumsikia Syokimau. Hakuna wa kufikiri, hakuna wa kushindwa, na hakuna mji unaotolewa. Kinachobaki ni jibu linalotafuta kitendawili chake.

Kwa upande wa mhusika, upungufu ni mkubwa zaidi. Katika matini nyingi Syokimau hana mume, hana rika, hana mpinzani, hana mgonjwa aliyemtibu wala jirani aliyemcheka. Hasemi neno juu ya mvua, mavuno, ndoa au vita vya mifugo, ilhali hayo ndiyo mambo ambayo mundu mue, yaani mganga na mpiga ramli wa Kikamba, alikuwa akiulizwa kila siku. Anafunguliwa kinywa mara moja tu, aitaje reli, kisha anafungwa.

Yafaa kumlinganisha na Mekatilili wa Menza wa Wagiriama. Mekatilili alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwao mwaka 1914. Maadui zake waliandika habari zake kwa chuki, lakini waliandika. Kwa hiyo mhakiki ana tarehe, ana mashtaka, na anaweza kuisoma chuki hiyo kinyumenyume. Syokimau aliishi kabla ya jela na kabla ya faili. Hakuna afisa aliyemchukia kiasi cha kumwandika. Ndiyo sababu kila aliyekuja baadaye aliweza kumwandika apendavyo.

3. Nani aliyetabiri?

Sehemu ya kosa imo katika neno lenyewe. Kiswahili husema Syokimau alitabiri kwamba reli itajengwa. Neno kutabiri limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusu hasa kufasiri ndoto, elimu ambayo jadi ya Kiislamu huihusisha na jina la Ibn Sirin. Matumizi hayo hayakupotea pwani: mtu huota, na mwingine humtabiria ndoto yake. Kwa maana hiyo ya asili, anayeona na anayetabiri ni watu wawili.

Tukio linakuwa jingine kabisa likisomwa hivyo. Syokimau, kama kisa kinavyodai, aliona nyoka. Hakuiona reli, wala hakuwa na neno la kuitaja. Aliyetabiri, kwa maana ya kufasiri, ni msimulizi aliyesimama upande wa pili wa mwaka 1899, aliyeliona gari la moshi likipita nyikani na kusema: nyoka wa Syokimau ndiye huyu. Kiunganishi kwamba ndicho kinachoificha kazi ya msimulizi huyo. Taswira inageuzwa kuwa taarifa, na watu wawili wanafanywa mmoja.

Ushahidi wa kuwapo kwa mfasiri huyo ni kwamba nyoka si wa Syokimau peke yake. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, aliandika habari za nabii wa Wagikuyu, ambaye kwa kawaida huitwa Mugo wa Kibiru. Naye alisema juu ya wageni wa rangi ngeni, fimbo zitoazo moto, na nyoka wa chuma. Kufanana huku kusichukuliwe kuwa wizi. Ni ada ya fani, kama vile utenzi unavyoanza kwa dua bila mshairi mmoja kumwibia mwingine. Jamii jirani, zilizopatwa na jambo moja katika miaka ileile, zililiwekea umbo moja la usemi.

4. Nabii asiye na wakati ujao

Kuna maandishi mengine yanayomfungia Syokimau mlango kutoka upande wa pili. Katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, Mbiti alidai kwamba wakati katika fikra za jadi za Waafrika una pande mbili, ambazo alizipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Ushahidi wake mkuu ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Alisema hakuna umbo la kitenzi linalofika mbali katika wakati ujao, bali kikomo chake ni kama miaka 2 tu. Alitilia shaka pia kuwapo kwa manabii, kwa maana kamili ya Biblia, katika jamii za jadi.

Dai hilo limepingwa na wengi. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye alilipinga kwa ushahidi wa Kiakan. Hata hivyo upinzani ulio karibu zaidi umo Ukambani kwenyewe. Ikiwa wasemaji wa Kikamba hawakuwa na pa kuuweka wakati wa mbali ujao, basi kisa cha Syokimau hakingesimulika kwa Kikamba, nacho kinasimuliwa.

Isitoshe, hoja ya vitenzi ina udhaifu ambao mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuona upesi. Kiambishi -ta- cha Kiswahili hutumika kwa mvua ya jioni hii na kwa Siku ya Kiyama. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Mswahili hatofautishi jioni na Kiyama. Sarufi huwapa wasemaji vifaa vya lazima, haiwawekei mpaka wa kuwaza. Pale kitenzi kinapoishia, fumbo huanza. Na huenda hiyo ndiyo sababu maneno ya Syokimau yalihifadhiwa kwa taswira, si kwa taarifa.

Basi Syokimau amebanwa na maandishi mawili yanayopingana. Moja linasema lugha yake haikuwa na wakati ujao wa kuuona. La pili linampa wakati ujao mmoja tu, nao ni ratiba ya reli.

5. Kilichosahauliwa

Usahaulifu ndio alama ya tatu, nao ndio mzito. Matini zinazomtukuza Syokimau kwa kuwa aliiona reli hazisemi nyoka alileta nini.

Reli iliivuka nchi ya Wakamba katika 1898 na 1899. Miaka hiyohiyo Ukambani ulikuwa katika njaa kubwa ambayo watu waliiita Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wengi. Na pamoja na njaa ulikuja ugonjwa wa ndui. Mtu wa Iveti au Mwala aliyesimulia juu ya nyoka mwaka 1905 hakuwa akisimulia maendeleo ya uchukuzi. Alikuwa akisimulia mnyama aliyefika pamoja na kifo.

Tena nyoka huyo hakupita Machakos. Kituo cha Machakos kilikuwa makao ya Waingereza tangu siku za kampuni iliyotangulia serikali ya kikoloni. Lakini reli ilikata nyikani, ikauacha mji kando, na mwaka 1899 makao ya jimbo yakahamishiwa Nairobi. Jina la mji lenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa upya: Machakos ni Masaku, jina la kiongozi wa Kikamba, lililoharibika katika vinywa vya wageni na kubaki hivyo kwenye ramani.

Mwaka 1938 serikali ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, kwa hoja kwamba malisho yamezidiwa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimewekwa Athi River, kando ya reli hiyohiyo. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza amri yake. Kwa watu wa kizazi hicho nyoka alikuwa na tumbo, na waliyajua yaliyomo.

Hayo yote yameondolewa katika kisa cha vitabuni. Nyoka amebaki bila meno. Badala ya kuwa onyo, Syokimau amekuwa shahidi wa upande wa nyoka: inaonekana kana kwamba Wakamba walikuwa wakiingojea reli, na nabii wao aliidhinisha ujenzi kabla ya wahandisi kuzaliwa. Nyumba ya nyoka imekamilika, naye ndiye bibi wa nyumba.

Hata jina limefuata njia hiyo. Viambishi vya Syo- hupatikana katika majina mengi ya wanawake wa Kikamba: Syombua humkumbusha msikiaji mvua, Syokau humkumbusha vita. Ni majina yenye habari ndani yake. Leo Syokimau ni mtaa wa Kaunti ya Machakos ulio mpakani mwa Nairobi, ambako nyumba za watu zilibomolewa mwaka 2011 kwa mgogoro wa ardhi. Ni kituo cha reli kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Na tangu 2017 stesheni kuu ya Nairobi ya reli mpya iendayo Mombasa iko papo hapo. Mtu anaweza kulitamka jina hilo kila asubuhi akikata tiketi, asijue kwamba lilikuwa la mwanamke. Waliolichagua jina walikusudia heshima, bila shaka. Lakini nabii aliyeonya juu ya nyoka amefanywa kibao kwenye mgongo wa nyoka.

6. Je, kuandika upya ni kosa daima?

Mtu anaweza kupinga hivi: kila masimulizi huandika upya, na fasihi haiwezi kuishi bila uhuru huo. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Hussein alimchukua kiongozi wa kweli wa Vita vya Maji Maji, akamfanya mtu mwenye shaka juu ya maji aliyoyatoa mwenyewe. Hakuficha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, tofauti na yule wa historia. Zaidi ya hayo, tamthilia inaonyesha kwa uwazi jinsi neno linavyomtoka msemaji, likakua, likamshinda nguvu. Mwishoni Kinjeketile anakataa kulikana ingawa kukana kungempunguzia mateso. Kwa hiyo hapo kuandika upya ndiko maudhui yenyewe. Hadhira inauona mlango wa nyumba bandia, na inamwona mhusika akipambana nao.

Tofauti ni hiyo. Maandishi yanayokiri kwamba yameandika humwachia mhusika nafasi ya kupumua. Maandishi yanayojificha nyuma ya neno alitabiri humnyima nafasi hiyo.

Wala haifai kukimbilia upande wa pili na kusema kisa chote ni uongo uliotungwa baada ya reli. Hata kama kila neno la nyoka lilitungwa baada ya 1899, utunzi huo una ukweli wake. Watu waliopigwa na njaa, ndui na utawala wa kigeni walikataa kukubali kwamba walishtukizwa. Walisema: mmoja wetu aliwaona mkija. Katika simulizi ya Kenyatta nabii anatoa pia nasaha juu ya namna ya kukaa na wageni wenye silaha kubwa. Yaani utabiri ni mahali pa kujadili kwa nini vita havikupiganwa au havikushindwa kuepukwa. Huo ni uhakiki wa historia uliofanywa na wananchi wenyewe, kwa fani waliyoimiliki. Zimwi likujualo, husema wahenga, halikuli likakwisha. Kudai kwamba nyoka alijulikana kabla hajafika ni kudai kwamba hakuweza kuwala wote.

7. Kazi iliyobaki

Katika ngano, msichana aliyeolewa na zimwi haokolewi kwa upanga peke yake. Aghalabu kuna anayemwimbia wimbo wa kwao, au anayemtaja kwa jina ambalo zimwi halilijui, naye akakumbuka. Idara za lugha zinaweza kufanya kazi ya namna hiyo, ya wazi na isiyo na fahari.

Kwanza, masimulizi juu ya Syokimau yakusanywe kwa Kikamba, kutoka Iveti, Kangundo, Masii, Mwala na Yatta, na kila simulizi liwe na mahali pake na mwaka wake, lisiunganishwe na mengine kuwa kisa kimoja safi. Pili, msimulizi aulizwe yale ambayo vitabu havikuuliza: mama huyu alikuwa wa ukoo gani, alitibu nini, nani hakumwamini, alisema nini juu ya mvua. Tatu, tafsiri ya Kiswahili iache fumbo liwe fumbo. Kama msimulizi amesema nyoka, mfasiri asiandike reli. Nne, vitabu vya shule vinavyomtaja vimtaje pamoja na Ngomanisye na ng'ombe wa 1938, ili mwanafunzi ategewe kitendawili kabla ya kupewa jibu.

Inawezekana kwamba kazi hiyo ikifanywa, reli itaonekana kuwa sehemu ndogo tu ya maneno yanayohusishwa na Syokimau. Inawezekana pia kwamba watapatikana akina Syokimau kadhaa, kila kilima na wake. Lolote litakalopatikana litakuwa bora kuliko mwanamke mwenye sentensi moja. Nyoka alikwisha kufika, akarudi mara ya pili mwaka 2017 akiwa mpana zaidi. Bado haijasikika Syokimau alisema nini kabla ya hapo, siku ambazo hakuna reli iliyohitaji ushahidi wake.